Swichi Isiyojua Kusubiri

Kiwandani walimwita Bwana Giza, na jina hilo hakulipenda hata siku moja. Yeye ndiye aliyekuwa akirudisha umeme. Lakini kwa kuwa watu walimwona akikimbia kila taa zilipozima, walimhesabu upande wa giza, kama mtu anavyomwogopa daktari kwa sababu kila akija nyumbani pana mgonjwa.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwembamba, na mvi zake ziliingiliwa na unga kiasi kwamba hungejua zipi za umri na zipi za kazi. Alikuwa fundi umeme pekee wa kiwanda cha kusaga unga, jengo la ghorofa tano lenye vinu vitatu vikubwa. Aliishi ndani ya ukuta wa kiwanda, katika safu ya nyumba nane za wafanyakazi nyuma ya ghala la magunia. Nyumba ilikuwa mali ya kampuni, na umeme wake ulitoka kiwandani, kwenye swichi kuu ileile iliyolisha vinu. Chumba cha kwanza kushoto alilala dada yake mkubwa, mrija wa plastiki puani, akipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni iliyonguruma kutwa kucha.

Dada ndiye aliyemlea. Alifagia sakafu ya vinu kwa miaka ishirini na sita, akimsomesha mdogo wake mpaka akapata cheti cha ufundi, halafu kifua kikagoma. Kama ni unga au si unga, daktari hakusema. Alisema tu kwamba mapafu yamechoka na kwamba bila mashine hayatafika mbali.

Ubovu uliomtesa Bwana Giza ulikuwa rahisi kuueleza, na alishaueleza mpaka ulimi ukaota sugu. Umeme ukiingia kiwandani hupita kwanza kwenye swichi kuu, kisha hugawanyika kwenda kwenye swichi ndogo: kila kinu na yake, karakana na yake, lifti na yake, nyumba na yake. Kazi ya kila moja ni kujikata pale umeme unapozidi, kabla waya haujaungua. Sasa ikitokea shoti kwenye kinu namba tatu, inayopaswa kukata ni swichi ya kinu namba tatu, na wengine wote waendelee na shughuli zao kana kwamba hakuna lililotokea. Swichi kuu nayo huiona ile shoti, lakini inatakiwa ivute subira kidogo, chini ya nusu sekunde, na ikate tu endapo ile ndogo imeshindwa. Mwenyewe alikuwa na msemo wake: "Mdogo aanze, mkubwa asubiri."

Swichi kuu ya kiwanda haikujua kusubiri. Miaka sita nyuma kampuni ilibadilisha transfoma, ikaleta kubwa zaidi, na mhandisi wa mkataba akaja kuipima mitambo. Usoni mwa swichi kuu kulikuwa na visahani vitatu vidogo vya kuzungusha kwa bisibisi, vya kuamua ikate kwa umeme wa kiasi gani na baada ya muda gani. Mhandisi akavirudisha vyote chini kabisa. "Ni kwa muda tu, kwa usalama," alisema. "Baada ya wiki mbili nitakuja na hesabu kamili." Akavifunga kwa waya na lakiri, kifungo kidogo cha risasi kisichofunguka bila kukatwa, akaenda zake. Mkataba wake ukaisha, hakurudi. Ile "kwa muda" ikatimiza miaka sita.

Basi mashine ya kushonea magunia ikipiga shoti ndogo tu, swichi kuu ilikurupuka kabla ya mdogo wake kufumbua jicho, na kila kitu kilizima: vinu, taa, lifti, ofisi, nyumba nane, na mashine ya Dada.

Hapo Bwana Giza alikimbia. Kutoka kitandani kwake hadi chumba cha swichi zilikuwa hatua mia mbili na kumi, na alizijua kama mtu anavyojua meno yake. Ufunguo ulining'inia kiunoni mwake, na kwa agizo la maandishi hakuna mwingine aliyeruhusiwa kufungua mlango ule. Kwa hiyo hakwenda mbali kupita duka la kwanza nje ya geti. Hakuoga kwa muda mrefu. Mke wake alikuwa mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa basi, akimsaidia binti yao aliyejifungua mapacha. Mapacha walishaanza kutembea na babu yao hajawaona.

"Njoo hata siku mbili," mke wake alimwambia kwenye simu.

"Nikija, nani atabaki?"

"Kwani kiwanda kilijengwa ulipozaliwa wewe?"

Akauliza mapacha wameota meno mangapi.

Aliandika barua saba kuomba kiwanda kisimame saa sita tu, aletwe mhandisi, swichi kuu ipangwe upya na swichi kongwe ya kinu namba tatu ibadilishwe. Meneja alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye kupenda viatu vizuri. Hakuwa mbaya. Alikuwa tu na malori getini kila siku.

"Saa sita bila kusaga?" alisema. "Fundi, unanitakia mema kweli?"

"Basi niruhusu nizungushe mwenyewe vile visahani, bosi. Dakika tano."

Meneja akaacha kucheka. "Fundi aliyekutangulia alichezea lakiri kama hii, na unajua alikoishia. Ukiigusa, na ufunguo wa nyumba uuache hapa mezani."

Hapo ndipo alipokwama kama mfupa kooni, haumezeki wala hautemeki. Akigusa, anafukuzwa, na akifukuzwa Dada anakosa nyumba. Asipogusa, kila siku chache mashine ya Dada inazima, na yeye anakimbia huku dada yake akipumulia mtungi mdogo wa oksijeni ya akiba. Mara mbili alisimama mbele ya swichi kuu na koleo mkononi, akiiangalia ile lakiri ndogo kama punje ya dengu. Mara zote mbili alirudisha koleo mfukoni. Uoga wa kufukuzwa ulikuwepo, lakini haukuwa peke yake. Alikuwa amechora mistari ya hesabu zake kwenye daftari, mstari wa kila swichi na muda wake wa kukata, ila hesabu moja hakuwa nayo: shoti kubwa kabisa ambayo transfoma mpya ingeweza kuitoa. Bila hiyo alikuwa anapapasa. Na ndani ya kiwanda cha unga, ambako vumbi lenyewe linaweza kulipuka kwa cheche moja, fundi hapapasi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nane mchana. Feni ya kutoa vumbi ghorofa ya tano ilikuwa imeungua mota, na Bwana Giza alipakia mota mpya kwenye toroli, akaingia nayo kwenye lifti ya mizigo. Ilikuwa lifti ya zamani, sanduku la chuma lenye mlango wa vyuma vya kukunja. Ilipita ghorofa ya tatu ikilalamika kama kawaida yake. Kisha akasikia mlio chini, *ta!*, mlio alioufahamu kuliko sauti ya mkewe. Taa ikazima. Lifti ikashtuka, ikasimama.

Mwanzoni miguu yake ilianza kukimbia kabla akili haijafika. Akagonga goti kwenye toroli. Ndipo alipoelewa: mtu pekee mwenye ufunguo wa chumba cha swichi alikuwa amefungiwa hewani, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne.

Akatoa simu. Ndani ya chuma kile haikushika mtandao. Akainua uso. Juu, kati ya dari ya lifti na sakafu ya ghorofa ya nne, palikuwa na pengo la shibiri moja, na mwanga wa dirisha ukipenya kupitia vyuma vya mlango wa nje. Mkono ungepita, bega halingepita.

"Nipo huku!" alipaza sauti. "Kwenye lifti! Jamani!"

Mtungi wa akiba wa Dada alikuwa amepanga kuupeleka kujazwa kesho yake. Asubuhi mshale wake ulikuwa umelala kwenye robo. Robo ni dakika ishirini, ishirini na mbili Dada akitulia. Na Dada hatulii asipomsikia mdogo wake akija.

Zilipita dakika nne kabla hajaona viatu. Viatu vyeusi vilivyong'aa, usawa wa juu kidogo ya macho yake, kisha sauti ya Meneja ikihema.

"Fundi! Umekwama?"

"Nimekwama, bosi. Kimetokea nini?"

"Kinu namba tatu. Kimemeza kipande cha chuma, kikatoa moshi kwenye mota, halafu giza. Moshi umeisha."

Nyuma ya viatu vile kukaja malapa yaliyojaa unga. Bwana Giza aliyatambua. Yalikuwa ya Bi Sindano, mshona magunia, mwanamke mfupi aliyefanya kazi na Dada miaka kumi na tisa na mpaka leo alimpelekea uji kila asubuhi kabla ya zamu.

"Nimepita nyumbani kwako kwanza," alisema Bi Sindano, akiinama mpaka uso wake ukaonekana pengoni. "Nimemwekea mtungi. Jirani yupo naye. Lakini mshale…"

"Najua."

Akafungua ufunguo kiunoni na kuunyoosha pengoni. "Mpe Bi Sindano, bosi. Ameniona nikifanya mara mia, chumba chake cha kushonea kinatazamana na mlango ule."

"Huyu ni mshona magunia," Meneja alisema, bila dharau, kama mtu anayesoma orodha. "Pakitokea jambo, nitaandika nini? Lete, naenda mwenyewe. Nifanye nini?"

"Kwanza zima swichi ya kinu namba tatu. Ile ya mwisho kulia, ya mwisho kabisa. Kama hukuzima hiyo, shoti bado ipo, na swichi kuu itakata tena. Usiangalie namba zilizopakwa rangi, bodi ilipanguliwa, namba zinadanganya. Ya mwisho kulia. Kisha pampu mkono wa swichi kuu mpaka kidirisha kiwe cha njano. Kisha bonyeza kitufe cha kijani."

"Ya mwisho kulia, pampu, kijani," alisema Meneja, na viatu vikaondoka.

Ghorofa nne za ngazi kwa mtu mnene. Bwana Giza akaketi juu ya mota, akahesabu. Joto la sanduku lile lilianza kumpanda mgongoni. Alijaribu kuvuta vyuma vya mlango, akijua havitafunguka. Mkono wa kuizungusha lifti kwa nguvu za watu ulikuwa juu ya paa, na aliyejua kuutumia alikuwa yeye. Kila kitu alikijua yeye. Ndipo, katika kuhesabu, wazo moja likamjia lisilo na huruma: agizo lilikataza wengine kuingia chumba kile, lakini halikukataza kufundisha. Miaka sita hakumwonyesha mtu hata kitufe kimoja. Alilalamika kwamba ni yeye tu, na moyoni alipenda kuwa ni yeye tu. Kufuli lilikuwa la Meneja, ila komeo la ndani alijifungia mwenyewe.

Mlio ukaja kutoka chini, mkubwa kuliko wa kwanza. Lifti ikatetemeka. Taa iliwaka kwa kufumba na kufumbua, ikafa.

"Hapana," alisema peke yake. "Hapana, hapana."

Meneja aliporudi, sauti yake ilikuwa imebadilika. "Imelipuka usoni mwangu. Nimezima namba tatu, Fundi, naapa, nimesoma tatu kwa macho yangu!"

"Nilikwambia usisome!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumpandishia sauti mtu yeyote pale kiwandani. Dakika kumi na tano zilikuwa zimekwenda.

"Bi Sindano," akasema, akijilazimisha kwenda polepole. "Nirudishie maneno yangu."

Uso wa yule mama ukatokea pengoni. "Nisiangalie namba. Nishike ya mwisho kulia, niishushe mpaka iseme *kwa*. Nipampu mpaka njano. Nigeuze uso pembeni, nibonyeze kijani."

Hayo ya *kwa* na ya kugeuza uso hakumwambia. Bi Sindano alikuwa amemwona yeye akifanya.

"Mpe ufunguo, bosi."

Safari hii Meneja hakubisha. Malapa yakaondoka yakipiga ngazi, *pata pata pata*, na viatu vyeusi vikabaki mahali pale. Kisha Meneja akachuchumaa, jambo ambalo tumbo lake halikulipenda.

"Mtungi umebaki kiasi gani?"

"Huenda umeshaisha."

"Zile barua zako…"

"Zipo saba," alisema Bwana Giza.

Meneja akafuta unga kwenye ncha ya kiatu chake kwa kidole.

Umeme ulirudi bila kelele. Taa ikawaka, lifti ikashtuka na kupanda kwa mwendo wake wa kilema hadi ghorofa ya nne. Bwana Giza alisukuma mlango, akampita Meneja bila kumtazama, akashuka ngazi tatu tatu. Njiani, mlangoni mwa chumba cha swichi, alimwona Bi Sindano amesimama na mikono imekunjwa, ufunguo kwapani.

Alimkuta Dada ameegemezwa ukutani na jirani, midomo imepauka na kuingia ubuluu, macho wazi. Mtungi ulikuwa umeisha dakika tano zilizopita. Mashine ilikuwa imewaka tena na jirani ameshamrudishia mrija, lakini pumzi ilikuwa inakuja vipande vipande. Walimpakia kwenye lori la unga, kwa sababu ndilo lililokuwa getini, na Meneja mwenyewe akawaondoa wapagazi njiani.

Dada alilala hospitali siku tisa. Alirudi, ila hakurudi mzima: kabla ya siku ile aliweza kukaa barazani saa nzima akimenya viazi, baada yake hakuvuka tena mlango wa chumba. Siku ya tatu ya kulazwa, alipopata sauti, alimshika mdogo wake mkono.

"Nilidhani nimekufa," alinong'ona. "Kumbe ni wewe umechelewa."

Akacheka, kikohozi kikamkatiza. Mdogo wake alitoka nje ya wodi, akasimama ukumbini akiutazama ukuta mpaka macho yakakauka.

Jumapili iliyofuata kiwanda kilisimama saa sita. Hakuna aliyetangaza sababu. Mhandisi mpya, mwanamke kijana mwenye kuongea kidogo, alikuja na hesabu za shoti kutoka shirika la umeme, akakata lakiri, akakaa chini na daftari la Bwana Giza. Alilisoma kwa muda mrefu.

"Umejifunza wapi haya?"

"Kwa kuteseka."

"Mistari yako iko sawa karibu yote." Akaweka kalamu juu ya mmoja. "Isipokuwa huu. Swichi kuu umeipa subira ndefu mno. Ungeiweka hivi, siku ya shoti kubwa bodi nzima ingeyeyuka kabla haijakata. Kwa vumbi hili, asingebaki mtu wa kusimulia."

Bwana Giza alitazama mkono wake mwenyewe, uleule ulioshika koleo mara mbili mbele ya lakiri. Alifungua kifuniko cha swichi kongwe ya kinu namba tatu na kuanza kulegeza nati, na Bi Sindano, aliyekuwa ameitwa kwa barua rasmi ya Meneja kujifunza, akamshikia tochi.

Wiki tano baadaye, asubuhi, alikuwa ananyoa ndevu mbele ya kioo Bi Sindano alipopiga hodi. Alikuja akitembea.

"Kinu namba tatu kimekata," alisema.

Wembe ukasimama shavuni. "Lini?"

"Kama robo saa hivi. Mkanda ulikwama."

"Na vingine?"

"Vinasaga. Sikiliza."

Akasikiliza. Mngurumo ulikuwepo, na chumbani mashine ya Dada ilikuwa inafanya kazi yake. Robo saa nzima pamekuwa na hitilafu kiwandani na yeye amesimama hapa akijipaka sabuni, asijue. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Mbona umepauka?" aliuliza Bi Sindano. "Nimekuletea habari njema."

"Najua," alisema. "Niache kidogo."

Mwisho wa mwezi ule alipanda basi. Aliomba siku tatu na akapewa, Bi Sindano akabaki na ufunguo, jirani akabaki na Dada. Aliwabeba mapacha, mmoja kila goti, na mke wake alimcheka kwa jinsi alivyowashika kama nyaya zenye umeme. Lakini usingizi haukuja. Kila jokofu la nyumba ile liliponyamaza kupumzika, alijikuta amekaa kitako, anatafuta viatu. Siku ya pili mchana alirudi.

Dada alisikia hatua zake mlangoni akafumbua macho.

"Si ulisema tatu?"

"Nimeshindwa."

"Kuna lililoharibika huku?"

"Hakuna. Nimepiga simu mara kumi na moja, hakuna."

Dada akamtazama kwa muda, mrija puani, kama alivyokuwa akimtazama zamani aliporudi shuleni na matokeo ya nusu nusu. "Basi mwezi ujao utakaa mbili na nusu," alisema, akageukia ukutani, akalala.